Daftari la Madoa

Nikikuambia nimeshika damu ya watu wengi kuliko muuguzi, usidhani najisifu. Mimi ni dobi. Watu huniletea vitu wasivyotaka kuviona tena: mafuta, wino, matapishi ya watoto, na damu. Katika hivyo vyote damu ndiyo rahisi, mradi uiwahi. Unataka maji baridi, chumvi kidogo na sabuni ya mche. Ukiitia maji ya moto umeipikia humo humo kwenye nyuzi, na ikishakauka utasugua mpaka vidole viote sugu. Kwa hiyo kwangu kuna sheria moja, na kila anayenijua anaijua: damu inashughulikiwa kabla haijakauka. Hata ukinikuta katikati ya chakula, naweka kijiko chini naingiza mikono kwenye beseni.

Chumba chetu cha kazi kipo nyuma ya jengo moja la ghorofa nane, chini ya ngazi za dharura. Mimi nafua, dada yangu anapiga pasi. Kwa umri amenizidi miaka minne, kwa maneno amenizidi arobaini. Tuna mabeseni sita, kamba tatu za kuanikia, meza ya pasi, na mashine moja ya kufulia inayofanya kazi siku inapojisikia.

Na tuna daftari. Miaka sita iliyopita mteja mmoja alileta koti la sherehe lililochanika mgongoni, alipokuja kulichukua akadai limechanikia kwetu. Tulijitetea mpaka sauti zikatukauka, lakini dobi na mwenye koti, nani atasikilizwa? Tangu siku hiyo kila nguo inayoingia naiandika jinsi ilivyo: doa liko wapi, tundu lina ukubwa gani, kifungo gani hakipo. Mteja anasoma, anatia saini. Majina siandiki. Kila mteja ana alama yake ninayomshonea kwa uzi upande wa ndani wa nguo, na alama hiyo hiyo ndiyo naichora kwenye daftari. Mwalimu wa ghorofa ya pili ni pembetatu nyeusi. Shemeji yangu, mume wa dada, ni mistari miwili ya bluu. Mama wa ghorofa ya sita ni duara jekundu.

Shemeji alikuwa mlinzi wa geti la jengo hilo hilo. Sisi tulimwita Kamanda, kwa sababu alikuwa anapigia saluti kila kitu kinachopita, hadi gari la taka. Dada alikuwa anasema kwamba hata nyumbani akifungua jokofu anasimama kwanza mguu sawa. Kamanda alikuwa anacheka. Ni mtu wa kucheka, huyo. Ukimtania leo, kesho anakuletea utani huo huo ameuongezea chumvi.

Jumatatu ile, saa sita kasoro, nilikuwa nasuuza mashuka akaingia ameshika pua. Shati lake la kazi, rangi ya samawati, lilikuwa jekundu kutoka kifuani hadi kwenye mkanda.

"Shemeji!" nikapiga kelele. "Umegongwa na gari?"

"Nimegongwa na kichwa," akasema.

Dada aliacha pasi juu ya suruali ya watu. Nilinusa kuungua, nikakimbia kuiinua, na hapo ndipo nilipojua dada ameshtuka kweli. Katika miaka yote hakuwahi kuunguza hata leso.

Kamanda alitusimulia amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kichwa nyuma, pua ameibana. Kijana wa ghorofa ya sita aliingia na gari, ndani ana rafiki yake. Utaratibu wa jengo ni kwamba kila mgeni anaandika kwenye kitabu cha wageni. Kamanda akapeleka kitabu dirishani. Kijana akamuuliza, "Unajua unaongea na nani?" Kamanda akamjibu, "Nakujua bosi, ndiyo maana siombi uandike wewe, naomba mgeni." Rafiki akacheka. Nadhani kile kicheko ndicho kilichomponza. Kijana alishuka, akampiga kichwa cha pua, akamshika shati mpaka mfuko ukachanika, akakunja ngumi nyingine. Ile ya pili Kamanda hakuisubiri. Alimsukuma kifuani. Kijana akateleza, akajigonga kwenye komeo la geti, nyusi ikapasuka.

"Nenda kituoni sasa hivi," dada akasema. "Ulivyo hivyo hivyo."

"Nitakwenda jioni nikitoka zamu. Nimempigia msimamizi, ameniambia nibadilishe shati haraka, mlinzi mwenye damu getini anatisha wakazi. Nikiacha geti sasa hivi, kesho sina geti la kurudia."

"Ubadilishe uvae lipi? Wanawapa shati moja kwa mwaka!"

"Ndiyo maana nimekuja hapa, mke wangu. Mnifulie."

Mimi nilikuwa nimeshafungua daftari, kwa mazoea tu. Shemeji au si shemeji, nguo ikiingia inaandikwa. Nikaandika: mistari miwili ya bluu, Jumatatu, saa sita kasoro dakika kumi. Shati la kazi, samawati. Damu nyingi kifuani hadi tumboni, bado mbichi. Mfuko umechanika. Vifungo viwili havipo. Nikampa kalamu. Alipoinama kutia saini, tone moja lilimdondoka puani likaangukia karatasi. Nikalifuta na kidole, likaacha alama ya kahawia. Akaomba radhi, eti kanichafulia daftari.

Nilifanya kazi nzuri siku ile, na niseme ukweli, niliionea fahari. Maji baridi mara nne. Mfuko niliushona kwa mkono, vifungo nikavipata kwenye kopo letu la vifungo, vya rangi ile ile. Dada alilikausha kwa pasi, machozi yanamdondoka juu ya kitambaa na pasi inapita juu yake. Saa saba na nusu Kamanda alirudi getini, pua imevimba lakini shati limenyooka kama limetoka dukani.

Saa tisa gari la polisi likaja kumchukua.

Tulifika kituoni dada bado ana aproni. Sajini aliyekuwa zamu alikuwa mtu wa makamo, macho mekundu kwa uchovu, na hakutufokea hata mara moja. Nasema hivyo kwa sababu ingekuwa rahisi kwangu kukuambia alikuwa katili. Hakuwa katili. Alikuwa anaandika anachokiona.

"Mama zangu," akasema, "mlalamikaji amekuja hapa saa nane na mzazi wake. Ana nyuzi tano kwenye nyusi. Ana karatasi ya daktari. Ana hili." Akainua juu ya kaunta mfuko safi wa plastiki, ndani yake shati jeupe lina damu kwenye kola. "Limehifadhiwa vizuri, halijaguswa. Sasa huyu wa kwenu anasema yeye ndiye aliyepigwa kwanza. Nikamuuliza, ushahidi uko wapi? Akanionyesha shati alilovaa." Akatikisa kichwa. "Shati linanukia sabuni."

"Limefuliwa," dada akasema.

"Naona. Nani kalifua?"

"Mimi," nikasema.

Akanitazama kwa huruma kabisa. "Umelifua vizuri mno, mama."

Miaka yote nafanya kazi hii, nimesifiwa mara nyingi. Sikuwahi kusikia sifa ikinichoma vile. Nilisimama pale mikono yangu bado ina harufu ya sabuni, natamani kuificha.

"Na pua je?" dada akauliza. "Pua yake huioni?"

"Pua inavimba hata kwa mafua. Na yeye kwa nini hakuja kuripoti? Mtu aliyepigwa anakuja mbio. Huyu alikuwa amekaa getini anapiga saluti." Akafungua faili akatuonyesha juu yake pameandikwa shambulio la kudhuru mwili. "Kesho saa nne linakwenda mahakamani. Akifika kule bila kitu mkononi, atakaa rumande miezi kabla hajasikilizwa. Mimi nawaambia ili mjiandae."

Njiani kurudi dada alitangulia, mimi nikawa namkimbilia nyuma. Tulipofika chumbani alikwenda moja kwa moja kwenye rafu, akashusha daftari, akaliweka mbele yangu.

"Hili hapa," akasema. "Umeandika kila kitu. Saa, damu, vifungo. Hata tone lake limo humu. Na chini yake mwalimu ametia saini mapazia yake mchana huo huo, hakuna anayeweza kusema tumelipachika."

"Hawatachukua ukurasa mmoja," nikasema. "Ukichana, watasema tumetunga. Watataka daftari zima."

"Si walichukue zima?"

"Humu mna nguo za watu, dada."

"Nguo za watu!" Akapiga meza. "Mume wangu amelala sakafuni, wewe unawaza aibu ya shuka la mtu?"

Sikuwa nawaza shuka. Nilikuwa nawaza duara jekundu, na hapa inabidi nikueleze jambo ambalo hata dada sikuwahi kumweleza.

Mama wa Sita, ndivyo tulivyomwita kwa ghorofa yake, ni mjane, mkubwa wa ofisi fulani, mtu wa viatu vizuri na maneno machache. Ana msaidizi wa nyumbani, lakini nguo zake nyingine anazileta mwenyewe, asubuhi mapema, dada akiwa hajafika. Miaka miwili hii aliniletea blauzi ya hariri yenye damu begani, kwapa limechanika. Aliniambia alijikwaa kwenye ngazi. Baadaye akaleta sweta, mkono wa kushoto una damu. Alisema ni mlango wa kabati. Baadaye gauni, damu kwenye kola. Hapo hakuniambia kitu, nami sikuuliza. Niliandika doa, akatia saini, nikafua. Ndani ya nyumba ile wanaishi watu wawili tu, yeye na mwanawe, na msaidizi anaondoka jioni. Mimi nilikuwa najua. Sikuwa nadhani, nilikuwa najua. Lakini nilijiambia kazi ya dobi ni doa, si aliyelitia, na nikalala usingizi wangu vizuri tu.

Usiku ule nilimwambia dada. Alipitisha kidole juu ya ukurasa, mstari kwa mstari.

"Kwa hiyo amemhifadhia shati mtu anayempiga," akasema.

"Ni mwanawe."

"Na huyu ni mume wangu." Akafunga daftari, akalitia kwenye mfuko. "Kesho saa mbili tunakwenda nalo. Hutaki, nakwenda peke yangu."

Tulikwenda wote.

Saa mbili na nusu Mama wa Sita alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kiti, mwanawe pembeni yake ana plasta juu ya jicho, anachezea simu. Sisi tulikaa kwenye benchi. Kamanda aliletwa kutoka nyuma, bila mkanda na bila viatu, lile shati limekunjamana. Alipomwona dada alijaribu kutabasamu, pua ikamuuma, akaacha. Alisimama mguu sawa mbele ya sajini. Hata pale hakujua kusimama vingine.

Nikaweka daftari juu ya kaunta, nikafungua ukurasa wa Jumatatu. Sajini akasoma polepole, midomo inacheza. Akaisogeza karatasi kwenye mwanga, akaliangalia lile doa la kahawia.

"Hii ni nini?"

"Damu yake. Nguo naweza kufua, karatasi siwezi."

Akasoma tena. Nikaona uso wake unabadilika, na moyo wangu ukapata nafasi kidogo. Lakini alikuwa mtu wa kazi yake. "Wewe ni shemeji yake," akasema. "Nitajuaje hukuyaandika haya jana usiku?"

"Tazama mistari inayofuata. Tazama kurasa za nyuma. Ndivyo ninavyoandika siku zote, miaka sita."

Nilisema hivyo mwenyewe, kwa mdomo wangu. Maneno yalikuwa yameshatoka ndipo nikakumbuka nyuma kuna nini.

Sajini akaanza kupekua kurasa za nyuma, anasoma kwa sauti kama watu wa kaunta wanavyosoma. "Pembetatu nyeusi, suruali, wino mfukoni. Sawa. Mraba wa kijani, shuka la mtoto. Sawa." Akalowesha kidole, akafunua kurasa nyingi kwa pamoja. "Duara jekundu. Gauni la kijivu. Damu kwenye kola, upande wa nyuma. Zipu imeng'oka." Akafunua tena. "Duara jekundu. Sweta. Damu, mkono wa kushoto, kutoka kiwiko hadi kwenye pindo." Akainua macho. Alikuwa ameacha kusoma kama karani. "Huyu duara jekundu ni nani?"

Nilimtazama Mama wa Sita, nikajuta kumtazama. Alikuwa amekaa wima vile vile, mkoba magotini, lakini vidole vyake vilikuwa vimeushika hadi kucha zimebadilika rangi. Kijana wake alikuwa bado kwenye simu. Hakuwa anasikiliza. Kwake yeye tulikuwa tunaongelea nguo.

"Ni mteja," nikasema.

"Mteja gani?"

"Mteja anayeleta nguo, mimi nafua."

Dada alinifinya paja kwa nguvu zake zote, alama ilikaa wiki nzima. Nilielewa. Neno moja tu na hadithi ya kijana mpole aliyeshambuliwa ingekwisha pale pale, na Kamanda angevaa viatu vyake. Nililisogeza lile neno hadi kwenye ncha ya ulimi. Kisha nikamwona yule mama anavyokuja asubuhi, anavyoniuliza mgongo wangu unaendeleaje huku amekunja nguo damu ikae kwa ndani, na neno nikalimeza. Sikuwa jasiri. Sikujua tu nani wa kumtupa.

Sajini akasubiri. Akashusha macho, na macho yake yakaangukia ule mfuko wa plastiki uliokuwa pale pale kwenye kaunta, shati jeupe ndani, kola imegeuka nje. Mimi ndiye dobi wa nyumba ile. Nguo zao zote nazitia alama moja. Ndani ya kola, juu ya damu ya kijana, palikuwa na kiduara cha uzi mwekundu, nilichokishona mwenyewe kwa ustadi mkubwa.

Sajini alinyoosha mkono kuuvuta mfuko.

"Afande," Mama wa Sita akasema. "Funga hilo daftari."

Alikuwa amesimama. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini ilikuwa ya mtu aliyezoea kusikilizwa, na sajini alilifunga kabla hajajua kwa nini.

"Mwanangu ndiye aliyeanza," akasema. "Kamera ya mlangoni pa lifti inaonyesha geti. Niliitazama jana kabla hatujaja hapa. Alimpiga kichwa huyu baba, na huyu baba alimsukuma."

"Mama!" Kijana sasa aliacha simu. "Mama, unasema nini?"

Hakumgeukia. Nilimwona akisogea hatua moja mbali naye, upande wetu, bila kufikiri, kama mtu anayeondoka karibu na jiko linalorusha cheche.

Sasa nisikilize mambo yalivyokwenda baada ya hapo, kwa sababu mpaka leo nikikumbuka nasaga meno. Nilitegemea sajini achukue faili lingine. Kuna mtu kampiga mwenzake kichwa, kamtoa damu, mzazi wake mwenyewe amesema. Basi igeuze, mtuhumiwa awe mlalamikaji! Badala yake alichukua kalamu akapiga mstari juu ya shambulio la kudhuru mwili, juu yake akaandika kutoelewana getini. Akafurahi hata. "Kumbe ni jambo dogo," akasema. "Vijana wana damu moto. Hebu mpeane mikono, mwende mkajenge taifa."

Kijana alitoa vidole viwili. Kamanda alivipokea kwa mkono mzima.

"Na pua yake?" dada akauliza.

"Mama, mumeo unarudi naye nyumbani," sajini akamjibu taratibu. "Usikaribishe maneno mengine."

Kwa hiyo nyusi ya kijana ilikuwa shambulio. Pua ya shemeji yangu ilikuwa kutoelewana. Siku moja, geti moja, wekundu mmoja. Nilichukua daftari langu nikatoka, na sikuaga mtu.

Kampuni haikumfukuza Kamanda. Ilimhamishia kwenye ghala la saruji nje ya mji, ambako hakuna wa kumpigia saluti. Pua yake iliponea upande. Anasema sasa akikoroma anakoroma kwa kona. Anacheka, lakini dada hacheki naye tena kwenye hilo, na kwa wiki tatu Mama wa Sita hakuleta nguo kwetu, wala dada hakutaka hata kusikia ghorofa hiyo ikitajwa.

Alikuja Jumamosi moja, saa mbili asubuhi. Siku hiyo dada aliwahi, pasi ilikuwa imeshapata moto. Mama wa Sita alisimama mlangoni amevaa koti refu, na jua lilikuwa kali. Hakuwa na mfuko. Nikamwambia karibu. Akaingia, akaangalia ndoo ile ile aliyokalia Kamanda, akaikalia, akafungua koti.

Gauni lake lilikuwa la njano. Upande wote wa kulia wa shingo hadi kifuani lilikuwa na damu mbichi, na sikio lake lilikuwa limechanika pale hereni inapokaa.

Mikono yangu ina akili yake. Kabla sijasema pole nilikuwa nimeshafungua daftari, nimechora duara, na mkono mwingine umeshafungua bomba la maji baridi kwenye beseni.

"Usilifue," akasema.

Nikafunga bomba.

"Shati la mwanangu nilijua la kufanya nalo," akasema, anatazama sakafu. "Nililivua kwa uangalifu, nikalitia kwenye mfuko, nikaandika na tarehe. Sikujiuliza mara mbili. Ya kwangu yote nilikuletea wewe uyafute." "Nimeshuka ngazi zote kwa miguu ili nisikutane na mtu kwenye lifti. Nimefika chini nimeona njia mbili. Ya kwenu na ya nje. Nikaja kwenu kwa sababu ndiyo miguu imezoea. Lakini usilifue."

"Silifui," nikasema. "Mama, mimi nilikuwa najua. Miaka miwili. Nisamehe."

"Na mimi nilikuwa najua kwamba unajua. Ndiyo maana sikuweza kwenda kwa dobi mwingine."

Nyuma yangu pasi ilikuwa imesimama. Sikuthubutu kumwangalia dada. Mume wake alilala sakafuni kwa ajili ya mwanamke huyu, na sasa anakoroma kwa kona kwa ajili ya mtoto wa mwanamke huyu. Kama angemwambia toka, nisingemlaumu.

"Nikienda kule," Mama wa Sita akasema, "wataniambia ni mambo ya nyumbani. Wataniambia ni damu moto. Nilimsikia kwa masikio yangu yule sajini, na siku ile nilishukuru kwamba amesema hivyo." Akanyanyua uso, akamtazama dada, si mimi. "Nilishukuru. Naomba unisamehe kwa hilo kwanza."

Nilisikia dada akichomoa waya wa pasi ukutani. Akavua aproni, akaikunja mara nne kama anavyokunja nguo za wateja, akaiweka juu ya meza. Akachukua daftari kutoka mikononi mwangu akaliweka kwapani. Kisha akamwinamia yule mama, akamfunga koti vizuri bila kuligusa gauni, akamshika mkono.

"Wakisema ni mambo ya nyumbani, watasema huku mimi na mdogo wangu tumekaa pale benchi tunawasikiliza," akasema. "Inuka, dada yangu. Twende kabla haijakauka."